Stadi laini za mchambuzi wa biashara: mazoezi ya wiki 6 unayoweza kuyafanya hapa hapa Tanga

Kila nikikaa na vijana wanaotaka kazi ya uchambuzi wa biashara, kosa ni lile lile. Kijana ana cheti, anachora mtiririko wa kazi ukapendeza, Excel anaijua hadi uvunguni. Mtume sasa kwa mwenye duka Ngamiani akaulize biashara inakwendaje. Baada ya dakika 10 anarudi na mstari mmoja: "Mteja anataka programu ya simu." Basi. Aliuliza mtu anataka nini, mtu akamjibu, kazi ikaishia hapo.

Mchambuzi wa biashara anasimama kati ya mwenye shida na fundi atakayeitatua, ahakikishe wote wawili wanazungumzia shida moja. Michoro ni sehemu ndogo. Sehemu kubwa ni kumfanya mtu mwenye shughuli zake akueleze kazi inavyofanyika kweli. Hapo ndipo wengi wanaanguka, kwenye usaili na kazini, na hapo ndipo mwongozo huu umejikita.

Huhitaji kuajiriwa kwanza. Mfano nitakaoutumia ni duka la jumla la soda la mama mmoja wa mjini hapa. Nilifanya nae kazi mwenyewe, na nilianza kwa kukosea.

## Vitu vya kuandaa

- Biashara moja ndogo yenye watu 3 au zaidi wanaopokezana kazi. Duka la mtu mmoja halifai, kwa sababu shida nyingi hujificha mahali mmoja anapomkabidhi mwenzake. Gereji inafaa, karakana ya baiskeli inafaa, wauza samaki wa Deep Sea, ofisi ya wakala wa kutoa mizigo bandarini, ushirika wa wafugaji.
- Ruhusa ya mwenye biashara. Ya mdomo inatosha, ila aisikie na mtu wake wa pili, ili siku mwenyewe hayupo usifukuzwe.
- Kaunta buku ya kwaya 2 na kalamu mbili. Kompyuta iache nyumbani wiki mbili za kwanza. Ukiifungua, watu wananyoosha mgongo na kuanza kuzungumza kama wapo redioni.
- Karatasi 2 za manila, vipande vya karatasi na selotepu.
- Saa 2 kwa siku, siku 3 kwa wiki, kwa wiki 6. Jumla ni saa 36.
- Mtu mmoja mkali asiyejua lolote kuhusu mifumo. Shangazi anafaa. Kazi yake utaiona hatua ya 7.

## Hatua ya 1: Omba nafasi, na useme ukweli

Nenda saa ambazo duka limetulia. Piga hodi, toa shikamoo, ulizia hali za nyumbani, subiri ukaribishwe. Usianze na cheo chako, maana hakuna anayekijua. Mimi nilisema hivi:

"Mama, najifunza kazi ya kuangalia biashara zinavyoendeshwa. Naomba nikae hapa siku chache nitazame. Sitagusa hela, sitasumbua wateja. Nikimaliza nitakuonyesha nilichokiona, na ukiona hakina maana utakitupa."

Kwa nini maneno mengi hivyo? Kwa sababu kijana mwenye daftari anayeulizia mauzo ana sura moja tu machoni pa mfanyabiashara: mtu wa kodi. Usipoiondoa hofu hiyo siku ya kwanza, kila namba utakayopewa itakuwa ya uongo, na hutajua.

Onyo: Usiahidi mfumo, programu wala mkopo. Usipange kikao Ijumaa mchana. Na mwezi wa Ramadhani usimwambie mtu mkutane kwenye chai.

Umefaulu ukiona: umepewa mahali pa kukaa. Mimi nilipewa kreti tupu iliyopinduliwa, na sikupata ofisi nyingine nzuri kama ile.

## Hatua ya 2: Tazama kabla ya kuuliza

Tanga yetu inasifiwa kwa waja leo waondoka leo. Wewe usiwe wa hao. Siku 3 za kwanza usiulize chochote kinachohusu kazi. Andika tu: saa ngapi, nani, kafanya nini, kampa nani kitu gani.

Gawa daftari. Ukurasa wa kushoto ni ulichokiona kwa macho, wa kulia ni unachokidhani. "Kijana wa guta kashusha kreti 20, mtunza stoo kaandika" ni wa kushoto. "Mtunza stoo mvivu" ni wa kulia, na nusu ya vya kulia utakuja kuvifuta kwa aibu.

Sasa kosa langu. Siku ile ya kwanza mama aliniambia shida yake ni madeni: wenye maduka ya rejareja anaowauzia soda hawalipi, anataka programu ya simu ya kuwakumbusha. Nikaandika, nikaenda nyumbani, nikakesha nikichora kurasa za hiyo programu. Rangi nilichagua kabisa.

Nilipokaa kwenye kreti nikaona jambo jingine. Soda ya chupa ya kioo hutoka kwa kreti, chupa 24, na chupa tupu lazima zirudi. Guta linaondoka asubuhi na soda, linarudi jioni na tupu. Kila likirudi, kelele. Mtunza stoo anahesabu kreti kwa macho, anaandika, anakimbilia wateja. Usiku mama anahesabu chupa, zimepungua. Upungufu anaubebesha mwenye duka la mwisho kwenye njia ya guta. Mwenye duka anakataa kulipa chupa asizozijua. Kwenye daftari la mama linaandikwa jambo moja tu: deni.

Kumbe watu walikuwa hawajasahau kulipa. Walikuwa hawakubali kwamba wanadaiwa. Ujumbe wa simu wa kuwakumbusha ungewaudhi tu, tena kwa kasi zaidi.

Umefaulu ukiona: watu wameanza kubishana mbele yako kama vile haupo.

## Hatua ya 3: Uliza maswali yanayozaa hadithi

Hapa ndipo pa kutumia muda wako mwingi. Anza na tofauti hii ndogo:

"Huwa mnapokeaje kreti?" itakuletea kanuni.

"Jana guta liliporudi, ilikuwaje?" itakuletea ukweli.

Lugha yetu inakusaidia ukiisikiliza. Mtu akijibu kwa *hu-*, anakueleza kazi inavyotakiwa iwe: "Chupa huhesabiwa, halafu huandikwa." Sentensi haina mtu ndani yake. Kila ukisikia hivyo, tia alama ya nyota pembeni na urudi baadaye kwa upole: "Jana alihesabu nani?" Nilikuwa na nyota 11 siku ya kwanza ya maswali, na 4 kati ya hizo zilionyesha kazi isiyokuwa na mtu. Kila mmoja alidhani inafanywa na mwenzake.

Kuna mbinu maarufu ya kuuliza "kwa nini" mara tano mpaka ufike kwenye mzizi. Ilienea kutoka viwanda vya Toyota kule Japani, na inafundishwa kila mahali. Ni mbinu nzuri, lakini hapa Pwani ukimwuliza mtu mzima "kwa nini" mara tano mfululizo, umemweka kituo cha polisi. Chimba kwa maneno mengine:

- "Ikawaje mpaka mkafikia kufanya hivyo?"
- "Kabla ya hapo kilitangulia nini?"
- "Siku isipofanyika hivyo, nani anaumia?"

Sikiliza mazungumzo yangu na mtunza stoo:

"Kaka, jana guta liliporudi saa 10 ilikuwaje?"

"Nilipokea kreti 20."

"Na chupa?"

"Zilionekana zimetimia."

Ulimi uliniwasha niseme "kwa nini hukuhesabu?" Nikaumeza. Nikanyamaza. Akahamisha kreti mbili, akarudi, akasema mwenyewe: "Unajua, saa 10 ndiyo wateja wa jioni wanaingia. Nikianza chupa moja moja, mama ananiita mbele."

Hilo jibu la mwisho ndilo lililobadilisha kazi nzima, na hakuna swali lililolileta. Lililetwa na kimya. Jizoeze: baada ya jibu lolote, hesabu kimoyomoyo moja mpaka saba kabla ya kufungua mdomo. Mara za mwanzo utaona kama mwaka.

Zoezi: Andika maswali 10 usiku. Asubuhi futa yote yanayojibika kwa ndiyo au hapana. Futa na yale yenye jibu lako ndani yake ("Je, huoni ingekuwa rahisi mkitumia simu?"). Ukibakiwa na 3, umefanya vizuri. Nenda nayo.

Onyo: Usirekodi sauti bila ruhusa. Na daftari la madeni usilipige picha hata ukiruhusiwa na mwenye duka, kwa sababu majina na namba za simu zilizomo ni za watu wengine ambao hawakuulizwa. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na mchambuzi anayeizoea mapema hatakuja kuiaibisha ofisi yake.

## Hatua ya 4: Jifunze kuisikia "hapana" ya Pwani

Hatua hii haimo kwenye kozi yoyote niliyowahi kuiona, na imewaponza watu wenye shahada kubwa kuliko yangu.

Kwetu mtu hakukatalii usoni. Anasema "Inshallah". Anasema "tutaona", "hamna shida", "wewe tu". Mgeni anaandika kwenye ripoti kwamba wadau wamekubali. Mwezi mmoja baadaye hakuna aliyefanya lolote, na ripoti ya pili inasema wadau hawana ushirikiano.

Kipimo changu ni saa na mahali. "Inshallah kesho saa 2, tukishafungua" ni ndiyo. "Inshallah" peke yake, huku macho yake yako kwenye simu, ni hapana iliyofungwa kwa adabu. "Sawa" moja ni sawa, "sawa, sawa, sawa" ni niondokee.

Ukiihisi hapana, mpe mtu mlango wa kuisema bila kuvunja heshima: "Mama, kama wakati huu si mzuri, tunaweza kuliacha kabisa. Sitaona vibaya." Atashusha pumzi, na mara nyingi ndipo atakapokwambia kizuizi chenyewe.

Usiyapuuze mafumbo pia. Siku moja mama alisema kwa sauti, hakumtazama mtu, "Mgema akisifiwa, tembo hulitia maji." Kijana wa guta akainamisha kichwa. Niliiandika ukurasa wa kushoto. Wiki iliyofuata nikajua kwamba kijana yule aliwahi kusifiwa kwa uaminifu mbele ya wateja, na tangu hapo hakuna aliyekuwa akikagua mzigo wake.

Onyo: Hii si sheria ya kumpima kila mtu. Mwenzako wa kutoka bara anaweza kukujibu "hapana, sitaki" na akaendelea kukupenda vizuri tu.

## Hatua ya 5: Rudisha ulichosikia

Wiki ya 4, bandika manila ukutani. Kila tendo liandike kwenye kipande chake: guta linaondoka, duka linapokea, tupu zinapakiwa, guta linarudi, stoo inapokea, mama anahesabu. Andika kwa maneno yao. Wakisema "tupu", usiandike "vifungashio vinavyorejeshwa".

Kisha mwite mmoja mmoja useme: "Nimeelewa hivi. Nisahihishe." Halafu sogea pembeni, usikae kati ya mtu na karatasi.

Sababu ni kwamba swali humchosha mtu, lakini kosa humwasha. Hakuna fundi anayeweza kuvumilia kuona kazi yake imeelezwa vibaya ukutani. Wapo wanaofundisha uweke kosa la makusudi ili watu wachangamke. Mimi sipendi. Makosa yako ya kweli yatatosha, na siku wakigundua uliwatega, hawatakuambia tena.

Umefaulu ukiona: mtu amesema "siyo hivyo", amebandua kipande na kukihamisha kwa mkono wake. Wote wakisema "sawa, sawa, sawa", rudi hatua ya 4.

## Hatua ya 6: Kaa katikati ya wanaogombana

Kila mmoja pale dukani alikuwa na mwizi wake. Mama alimshuku mtunza stoo. Mtunza stoo alimshuku kijana wa guta. Kijana wa guta alisema wenye maduka wanazificha tupu ili wauze kwa wengine. Kama ningewaweka pamoja siku hiyo, ningeondoka na ugomvi.

Kwanza onana na kila mmoja peke yake. Mwulize jambo moja: "Kwenye kikao, nini usingependa kisemwe mbele ya watu?" Alilokwambia faraghani lisitoke, hata kwa mzaha. Mji huu mdogo. Neno likivuja Barabara ya 5 asubuhi, adhuhuri liko Makorora.

Kisha kikao cha dakika 30, swali moja. "Nani anapoteza chupa?" ni swali la polisi. Tulitumia hili: "Chupa ihesabiwe wapi, na nani awepo?" Weka watu wakae upande mmoja wakitazama manila, wasitazamane. Kidole kinachotaka kumwonyesha mtu kitaonyesha karatasi.

Mwisho panga mapendekezo kwenye rafu nne: lazima, muhimu, ikiwezekana, si safari hii. Wachambuzi wanaiita mbinu hii MoSCoW, na utaulizwa kwenye usaili, kwa hiyo shika na jina. Rafu ya nne ndiyo yenye faida kubwa kuliko zote, kwa sababu inakuruhusu kukataa wazo la mtu bila kulitupa.

Walichokubaliana kilikuwa hiki: kijana wa guta anahesabu chupa tupu pale pale dukani kwa mteja, wote wawili wanatia sahihi kwenye kitabu cha risiti chenye nakala, na mtunza stoo anahesabu tena guta linaporudi. Ili apate nafasi ya kuhesabu, guta lianze kurudi saa 8, kabla ya wateja wa jioni. Saa hiyo ya kurudi ilipendekezwa na kijana wa guta. Sikuwa nimeifikiria.

Ikabaki programu ya simu, ambayo ndiyo mama aliyoniomba tangu mwanzo. Habari mbaya usiifiche mwishoni, wala usiiseme mbele ya wafanyakazi wake. Nilimsubiri peke yake: "Mama, programu inaweza kutengenezwa. Lakini itahifadhi namba zile zile zinazobishaniwa leo. Tukishazikubali namba, ndipo tutaamua kama unaihitaji."

Akanyamaza. Nikahesabu moja mpaka saba. Akacheka: "Kwa hiyo ningenunua ugomvi wa umeme."

Onyo: Usiwe hakimu. Hata ukijua nani mzembe, hiyo ni kazi ya mwenye duka.

## Hatua ya 7: Fupisha

Ukurasa mmoja: shida, ulichokiona, walichokubaliana, kilichobaki. Msomee shangazi kwa dakika 5. Kila neno atakalokuuliza maana yake, libadilishe. Akikuuliza "sasa huyo mama anafanyaje kesho asubuhi?" na huna jibu, andika upya. Mpelekee mama nakala, kama ulivyoahidi.

## Hatua ya 8: Igeuze iwe jibu la usaili

Utaulizwa tu: "Tueleze siku uliyofanya kazi na wadau wasiokubaliana." Vijana wengi hapa hutaja sifa: "Mimi ni msikivu, navumilia." Jopo limechoka na sifa. Toa tukio, kwa mpangilio huu: hali ilikuwaje, jukumu lako lilikuwa lipi, ulifanya nini, kilitokea nini. Dakika 2, basi. Usitaje jina la biashara wala la mtu.

Eleza na kosa lako. Ile programu niliyokesha nikiichora imenisaidia kwenye usaili kuliko cheti chochote, kwa sababu inaonyesha kwamba niliacha wazo langu baada ya kuona ukweli.

Anza pia kuandika saa zako za kazi, tarehe na ulichofanya. Taasisi ya kimataifa ya wachambuzi, IIBA, ina cheti cha ECBA kwa wanaoanza, ambacho hakidai uzoefu. Lakini cheti cha juu yake, CCBA, kinadai saa 3,750 za kazi ya uchambuzi, na cha juu zaidi, CBAP, saa 7,500. Kuzikumbuka saa hizo baada ya miaka ni adha.

Ukitafuta nafasi, usitafute jina la cheo peke yake. Ofisi nyingine zinaita kazi hii ofisa mifumo, mratibu wa mradi au ofisa uboreshaji wa kazi. Soma majukumu. Ukiona "kukusanya mahitaji ya watumiaji", ni wewe.

## Baada ya mwezi, rudi

Pita dukani bila taarifa, ununue soda yako kama mteja, uangalie kama walichokubaliana bado kinafanyika.

Nilipopita mimi, walikuwa wamemaliza kitabu cha kwanza cha risiti na kuanza cha pili. Kelele za jioni zilikuwa zimepungua. Lakini kila Jumamosi, siku ambazo soda za harusi zinatoka kwa wingi, mahali pa sahihi ya mtunza stoo palikuwa patupu. Nikamwomba mama ile kreti yangu, nikaipindua, nikakaa.